Kadi ya Picha kwa Kompyuta Kuukuu: Lipimwe Sanduku Kabla ya Kufungua Mfuko

Katika nyumba nyingi za askari na polisi siku hizi hukutwa kompyuta iliyonunuliwa ikiwa tayari imetumika. Aghalabu ni mashine iliyofanya kazi ofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa, kisha ikauzwa kwa jumla pamoja na nyingine nyingi, hata ikafika dukani kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa mwezi aweza kuimudu. Mchana watoto huitumia kwa masomo, na mama wa nyumba huweka humo hesabu za chama cha akiba. Jioni vijana hutaka kucheza mpira, mbio za magari na vita vya kuigiza. Hapo ndipo malalamiko huanza. Picha hukwama, wachezaji husogea kama waliofungwa minyororo, na michezo mingine hukataa kabisa kufunguka. Fundi akiulizwa hujibu kwa maneno machache: "Inataka kadi ya picha."

Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kadi ya picha ni ubao mdogo wenye prosesa yake, memori yake na aghalabu feni yake, uchomekwao ndani ya kompyuta ili kuchora picha zinazoonekana kwenye skrini. Kompyuta za ofisi mara nyingi huja bila kadi hiyo. Picha huchorwa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa, nayo hukopa memori ya mashine. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu, mpango huo watosha. Kwa mchezo unaotaka picha mpya mara 30 au 60 kila sekunde, hautoshi. Kadi inayofaa huipa mashine kuukuu maisha mapya. Kadi isiyofaa hula akiba ya miezi mingi, na pengine huunguza mashine ambayo watoto waliitegemea kwa masomo. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza lisiwe, "Kadi ipi ina nguvu kuliko zote?" Liwe, "Sanduku hili laweza kubeba kadi ipi?"

Yafaa ichukuliwe mashine moja ijulikanayo iwe mfano, nayo ni Dell OptiPlex 7010 iliyotolewa mwaka 2012. Mnunuzi asiichanganye na mashine nyingine mpya iliyopewa jina hilohilo mwaka 2023. Ile ya 2012 huwa na prosesa za Intel za kizazi cha pili au cha tatu, mathalani Core i5-3470 yenye viini vinne. Mwenye mashine ya HP au Lenovo ya miaka hiyo atafuata hatua hizihizi, ila vipimo atavisoma kwenye mashine yake mwenyewe.

Umeme ndio hakimu wa kwanza

Ndani ya kila sanduku la kompyuta mna kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa viungo vyote. Mafundi hukiita pawa saplai. Ubavuni mwake hubandikwa karatasi yenye hesabu ya wati. OptiPlex 7010 yenye umbo la mnara ina wati 275, na ile ndogo nyembamba ina wati 240. Wati hizo ni za nyumba nzima. Prosesa hudai fungu lake, diski fungu lake, memori na feni vilevile. Haifai kumhesabia mgeni mmoja chakula chote kilichomo chunguni.

Kadi ya picha huchomekwa katika tundu refu la ubao mkuu liitwalo PCI Express. Kwa sheria ya watengenezaji, tundu hilo hutoa wati 75 kwa ukomo wake. Kadi inayotaka zaidi huwa na tundu la pembeni la kuchomeka waya wa ziada kutoka pawa saplai: wenye pini 6 huongeza hadi wati 75, na wenye pini 8 huongeza hadi wati 150. Pawa saplai ya kiwandani ya OptiPlex 7010 haina nyaya hizo.

Hapa ndipo hatari inapojificha. Muuzaji asiyetaka mteja aondoke mikono mitupu humpa kiunganishi cha bei ndogo kinachogeuza waya wa diski, uitwao SATA, uwe wa pini 6. Plagi ya SATA imekadiriwa kupitisha wati 54 tu katika upande wake wa volti 12, ilhali kadi yaweza kuvuta wati 75 kupitia humo. Ni sawa na kumtwika mtoto gunia la baba yake. Plastiki huanza kulainika, kisha huyeyuka, na harufu ya kuungua ikisikika mara nyingi madhara yamekwisha kutendeka. Nyumba za kambini zimepakana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo jambo hilo si la kufanyia majaribio.

Yupo atakayesema kwamba pawa saplai yaweza kubadilishwa. Ndiyo, lakini mashine nyingi za ofisi zina plagi au umbo la kiwanda chake lisilolingana na pawa saplai za kawaida, na gharama yake huongezwa juu ya bei ya kadi. Kanuni iliyo salama ni fupi: mwenye mashine ya ofisi ambayo haikubadilishwa chochote na atafute kadi isiyozidi wati 75 na isiyo na tundu la waya wa ziada.

Kanuni hiyo ina faida nyingine kwa mwenye kulipia mita. Kadi ya AMD Radeon RX 580 ya mwaka 2017, ambayo huuzwa sana ikiwa imetumika, imekadiriwa wati 185. Tofauti yake na kadi ya wati 75 ni wati 110. Vijana wakicheza saa tatu kila siku kwa siku 30, na kadi ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, tofauti hiyo hufika yuniti 9.9 kwa mwezi. Mama wa nyumba ndiye ajuaye yuniti kumi zingewasha taa kwa siku ngapi.

Nafasi na skrini

Kipimo cha pili ni nafasi, nacho huhitaji rula tu. Sanduku la mnara hupokea kadi za kimo cha kawaida. Sanduku jembamba hupokea kadi fupi pekee, ambazo kimo cha ubao wake ni karibu sentimita 7, zenye kipande kifupi cha bati cha kufungia kwa skrubu. Kadi nyingi zina unene wa kuziba nafasi mbili, hivyo yapasa kutazama kilicho jirani na lile tundu refu. Urefu nao upimwe hadi kwenye kizuizi cha kwanza, kiwe ni diski au waya. Vipimo hivyo viandikwe katika karatasi na kupelekwa dukani, kama fundi cherehani apelekavyo vipimo vya sare.

Skrini nayo isisahauliwe. Skrini nyingi za zamani zina tundu la VGA peke yake, lakini kadi za miaka ya karibuni hutoa picha kwa HDMI, DisplayPort au DVI ya kidijitali. Asiyelijua hilo hufika nyumbani na kadi nzuri asiweze kuiunganisha. Kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA huuzwa, na bei yake yafaa kuhesabiwa mapema. Kadhalika skrini ndogo ya nukta 1366 kwa 768 haidai kazi kubwa kama ile ya nukta 1920 kwa 1080. Mwenye skrini ndogo hana sababu ya kulipia nguvu ambazo macho yake hayataziona.

Kadi haiendeshi kompyuta peke yake

Kipimo cha tatu ndicho kinachowavunja moyo wengi. Prosesa ndiyo hupanga matukio ya mchezo, yaani nani amekimbia, mpira umekwenda wapi, gari limegonga nini. Kadi hupokea amri hizo na kuzichora. Prosesa ikichelewa, kadi hukaa ikingoja, hata ingekuwa ya bei kubwa kiasi gani. Ni mfano wa jeshi lililo safarini, kwani mwendo wake hupimwa kwa gari lililo nyuma ya msafara.

Michezo yenyewe hutoa ushahidi. Grand Theft Auto V ilipotolewa kwa kompyuta mwezi Aprili 2015, waundaji wake walipendekeza prosesa ya Core i5-3470, memori ya GB 8 na kadi ya Nvidia GTX 660 yenye GB 2. Prosesa hiyo ndiyo ileile iliyomo katika OptiPlex 7010 nyingi. Kwa mchezo huo wa 2015, na kwa mingine mingi ya wakati wake, mashine inakosa kadi tu, na kadi ikipatikana furaha itakuwapo.

Lakini Cyberpunk 2077, kwa masharti yaliyorekebishwa mwaka 2023, yataka angalau prosesa ya Core i7-6700, memori ya GB 12 na kadi ya GTX 1060 yenye GB 6. Hapo prosesa ya 2012 imekwisha kupitwa kabla kadi haijatajwa. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 imekwenda mbali zaidi, maana inadai kadi zenye vifaa maalumu vya kukokotoa miale ya mwanga, na kadi ndogo za wati 75 za miaka ya 2016 na 2019 hazina vifaa hivyo. Aidha, baadhi ya michezo mipya huhitaji amri za prosesa ziitwazo AVX2, ambazo prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu hazina. Hakuna kadi iwezayo kuliponya jambo hilo. Mzazi na amwambie kijana aandike michezo mitatu au minne anayoipenda, kisha masharti ya kila mmoja yasomwe kabla ya fedha kutoka.

Pengine itaonekana kwamba dawa iko penginepo. Mashine yenye kijiti kimoja cha memori cha GB 4 itakwama hata ikipewa kadi, hivyo kuongeza ifike GB 8 kwa vijiti viwili vilivyo sawa huleta nafuu kubwa kwa fedha kidogo. Diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka hupunguza sana muda wa kungoja. Na kompyuta iliyojaa vumbi hupata joto, ikapunguza mwendo wake ili isiungue. Brashi laini na dawa mpya ya kupoza prosesa huweza kurudisha nguvu zilizodhaniwa zimepotea.

Kadi za kufikiriwa

Aliyekwisha kupima hayo atakuta uwanja umekuwa mdogo, na uchaguzi umekuwa mwepesi.

Nvidia GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ina memori ya GB 4 na wati 75. Hupatikana ikiwa imetumika, hufanya kazi vema katika mashine kuukuu, na inaitosha michezo ya zama za Grand Theft Auto V. Kasoro yake ni umri. Mwaka 2025 Nvidia ilitangaza kwamba draiva za michezo kwa kadi za kizazi hicho zingekoma Oktoba 2025, na marekebisho ya usalama pekee yangeendelea hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo isinunuliwe ila bei yake ikiwa ndogo kweli.

GTX 1650 ya mwaka 2019 ina GB 4 na nguvu zaidi kwa wati zilezile 75. Kwa OptiPlex ya mnara, hii ndiyo shabaha ya kati inayofaa familia nyingi. Lakini baadhi ya viwanda viliiwekea tundu la pini 6, basi mnunuzi aigeuze kadi mkononi na kutazama ubavu wake kabla ya kulipa.

AMD Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 inatumia wati 53 tu, na yapatikana katika umbo fupi kwa masanduku membamba. Ila hutumia njia nne tu za PCI Express kati ya 16, hivyo katika mashine za zamani, ambazo njia zake ni za mwendo mdogo, hupoteza sehemu ya nguvu zake. Tena haina kifaa cha kurekodi video, jambo la kujulishwa kijana apendaye kurekodi michezo yake.

RTX 3050 ya GB 6, iliyotolewa Februari 2024, ni ya wati 70 na ndiyo yenye maisha marefu zaidi kati ya hizi. Prosesa ya 2012 haitaweza kuilisha ipasavyo, lakini anayetazamia kununua kompyuta bora baadaye aweza kuhama nayo. Ajihadhari na jina, kwa kuwa RTX 3050 ya GB 8 ya mwaka 2022 ni kadi nyingine, ya wati 130, na hudai waya wa ziada.

Intel Arc A380 haifai kwa mashine hizi, ingawa wati zake ni 75. Intel yenyewe huitaka itumiwe katika kompyuta yenye uwezo uitwao Resizable BAR, na ubao wa 2012 haukuundwa nao.

Namba kubwa kwenye boksi

Debe tupu haliachi kuvuma, na namba kubwa ya memori kwenye boksi la kadi ndiyo debe linalovuma kuliko yote. Kadi ya GT 730 ya mwaka 2014 iliuzwa hata ikiwa na GB 4, lakini injini yake ni dhaifu, na memori hiyo yote ni kama ghala kubwa lenye mlango wa panya. GT 1030 nayo ilitolewa mwaka 2017 ikiwa na memori ya GDDR5 ipitishayo GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine yenye jina lilelile na memori ya DDR4, ipitishayo GB 16.8 tu. Jina moja, bei karibu sawa, lakini mwendo ni theluthi moja.

Mathalani koplo mmoja amefika dukani na akiba yake mfukoni, na muuzaji amempokea kwa tabasamu.

"Afande, chukua hii. Ina GB 4, na bei yake ni nusu ya ile."

"Ni memori ya aina gani, fundi?"

"Memori ni memori tu, afande."

Jibu hilo latosha kumwondoa dukani hapo. Muuzaji anayejua kazi yake atataja aina ya memori, hesabu ya wati na mwaka wa kadi bila kusitasita, tena atakubali kadi ijaribiwe mbele ya mteja.

Kujaribiwa huko ni haki ya mnunuzi, hasa kwa kadi iliyotumika. Zimepata kuuzwa kadi za zamani kama GTS 450 na GTX 550 Ti zilizoandikwa upya ndani yake ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z, tangu mwaka 2018, huweza kuzitambua nyingi za namna hiyo na kuzitangaza kuwa bandia. Tundu la VGA kwenye kadi iitwayo GTX 1050 Ti ni jambo la kushuku, kwa kuwa prosesa ya kadi hiyo haitoi picha za VGA. Kadi nyingine zilichoshwa kwa kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, zikamwagwa sokoni baada ya uchimbaji wa Ethereum kwa kadi kukoma Septemba 2022. Si zote mbovu, lakini feni izungushwe kwa kidole isikike kama inakwaruza, na mchezo uendeshwe angalau nusu saa. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, nao hawakuwahi kuiona kadi ya picha.

Kuifunga na kuitunza

Kabla ya kufungua sanduku, waya wa umeme uchomolewe kabisa ukutani, na mfungaji aguse bati tupu la sanduku ili umeme wa mwilini usiue vipuri. Programu ya msingi ya ubao, iitwayo BIOS, isasishwe kwanza, kwani kadi mpya pengine haionyeshi picha kwenye BIOS ya zamani. Kadi isukumwe mpaka klipu ya tundu ilie, kisha ifungwe kwa skrubu. Waya wa skrini uhamishiwe kwenye kadi yenyewe. Wengi huuacha pale ulipokuwa, wakaishia kulalamika kwamba kadi haina faida. Baada ya hapo draiva zichukuliwe kutoka kwa mtengenezaji wa kadi mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za 2012 hazimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Kumbukumbu za fedha na nyaraka za familia zinahitaji uangalifu zaidi katika mashine kama hiyo.

Kwa familia za askari lipo jambo moja zaidi, nalo ni uhamisho. Kadi iliyoachwa ndani ya kompyuta juu ya lori lirukalo kwenye mashimo huning'inia na kulivunja tundu lake. Ichomolewe, ifungwe katika mfuko wake wa kuzuia umeme na kitambaa laini, isafiri pamoja na vyombo vya kuvunjika. Huko iendako, mashine isiwekwe chini sakafuni penye vumbi, wala kusukumwa ukutani hata ikakosa pumzi.

Ukomo wa matumizi nao uwekwe mapema. Kadi ikifika bei ya kompyuta nzima, ni bora fedha ziwekwe akiba hadi ipatikane mashine nyingine yenye prosesa bora. Baba, mama na kijana wakae pamoja na karatasi moja yenye mistari mitano: wati za pawa saplai, vipimo vya nafasi, matundu ya skrini, jina la prosesa na majina ya michezo. Kadi itakayopita mistari yote mitano ndiyo ya nyumba hiyo, hata kama si ile inayosifiwa na majirani. Kijana aliyeshiriki kupima hatahitaji kunyimwa, kwa maana ataona mwenyewe kwa nini kadi kubwa haifai, na karo ya muhula ujao itabaki mahali pake.